Baba Yupo Ukurasa wa Kushoto Tu



Sisi tunaochangisha fedha za kuwasaidia wagonjwa na wahitaji hapa Mandewa tunatunza daftari. Ukurasa wa kushoto ni wa waliotoa, wa kulia ni wa waliosaidiwa. Kushoto wamejaa akina baba: fundi ujenzi, mwalimu, mwenye duka la pembejeo, mnunuzi wa alizeti, kijana wa bodaboda aliyetoa Sh 2,000 na kusisitiza jina lake liandikwe vizuri. Kulia ni akina mama, watoto, wajane, wazee wasio na mtu. Baba wa miaka 45 akionekana upande huo, basi ni mke au kaka yake aliyekuja kumwombea, na mbele ya jina lake kuna neno zito: kiharusi, figo, rufaa ya Dodoma, rufaa ya Ocean Road. Mara nyingine neno lenyewe ni jeneza.

Tumelisoma daftari hili kwa muda mrefu na tumefikia maoni ambayo tungependa wanaparokia na mafrateri wayapime. Mwanaume wetu hachelewi kutibiwa kwa sababu ya umaskini peke yake, wala kwa kukosa elimu peke yake. Anachelewa kwa sababu amezoeshwa, nyumbani na hata kanisani, kwamba mahali pake ni ukurasa wa kushoto. Kuvuka kwenda wa kulia anaona ni kushushwa cheo.

Umbali haumzuii, angalau sisi wa hapa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida iko Mandewa. Watu wanaifuata kutoka Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi, wengine kwa nauli ya kukopa, nasi tunapita mbele yake tukienda sokoni. Vijana wa bodaboda wanashinda nje wakisubiri abiria, wanaleta wagonjwa na kuwarudisha, na wengi wao hawajawahi kuingia ndani kupima presha yao wenyewe. Waulize sababu, utajibiwa kwa maneno mawili: "Mimi siumwi."

Lakini presha haikuombi ruhusa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba katika kila watu wazima 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, watu 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na 9 walikuwa na kisukari. Tazama benchi moja la kanisani Jumapili. Wakikaa watu wanane, kwa hesabu hiyo wawili wana presha, na huenda wote wawili wanaimba kwa nguvu kuliko wenzao. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini miaka bila maumivu yoyote, ukiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo kimyakimya. Siku unapojitambulisha, baba amelala upande mmoja hauna nguvu, mdomo umepinda, na mama wa nyumba amekuwa muuguzi wa kudumu. Shamba linauzwa au ng'ombe wanauzwa, kisha sisi tunaitwa na daftari letu.

Kuhusu tezi dume tunaomba tukae kidogo, maana hapa mzaha umeua watu. Vijiweni ukitaja kipimo cha tezi dume, stori inakuwa kidole cha daktari, watu wanacheka mpaka machozi, na mzee mmoja aliyekuwa amepanga kwenda hospitali wiki hiyo anabadili mawazo bila kumwambia yeyote. Tuseme wazi. Tezi dume ni kiungo ambacho kila mwanaume anacho, na kadiri umri unavyosogea huwa inakua. Kukua huko peke yake si saratani: humfanya mtu aamke mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, mkojo utoke kwa shida, na kuna dawa na upasuaji wake. Saratani ya tezi dume ni jambo jingine. Ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume wa Tanzania. Mwanzoni mara nyingi haina dalili, na aliye na baba au kaka aliyeipata yuko kwenye hatari zaidi. Hatua ya kwanza ya uchunguzi inaweza kuwa kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Kipimo hicho kikipanda si lazima iwe saratani, daktari ndiye atakayeeleza kinachofuata. Kwa hiyo baba aliyefika miaka 50, au mapema zaidi kama ugonjwa huo upo kwenye ukoo, aende akazungumze na daktari. Kuzungumza tu. Hicho kidole kinachochekwa kijiweni kinachukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu.

Nchi hii ilishapata mfano mkubwa, ila tumeusahau. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani. Ikulu haikuficha. Taarifa ilitolewa kwa wananchi, na aliporudi yeye mwenyewe aliwahimiza watu kupima afya zao. Miaka 13 kabla yake, mwaka 2001, Nelson Mandela naye aliueleza ulimwengu kwamba ana saratani ya tezi dume. Alitibiwa kwa mionzi na akaishi hadi mwaka 2013, akafariki akiwa na miaka 95. Kama marais wawili waliweza kulitaja jina la kiungo hiki mbele ya vyombo vya habari, mwenyekiti wa jumuiya anashindwaje kulitaja mbele ya familia 15 anazozifahamu?

Yapo mengine tutayapita haraka. Kifua kikuu huwapata wanaume wazima kuliko wanawake duniani kote, na mkoa wetu una wachimbaji wadogo wa dhahabu, pale Sekenke ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wajerumani, na pale Londoni wilayani Manyoni. Vumbi la mwamba na kifua kikuu ni marafiki wa siku nyingi, na kijana anayekohoa wiki mbili huko shimoni husema ni vumbi tu. Pombe nayo: Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019, na milioni 2 kati yake vilikuwa vya wanaume. Hatuhitaji kwenda Geneva kujua hilo. Tunapita njiani jioni.

Tukubali pia kwamba mwanamke ana mlango wa kuingilia hospitalini ambao mwanaume hana. Msichana akishika mimba anaanza kliniki: anapimwa presha, damu, mkojo, uzito. Akijifungua anarudi na mtoto mara kwa mara. Kwa miaka kadhaa huyo mama anaonwa na mhudumu wa afya, hata kama hakwenda kwa ajili ya nafsi yake. Na matunda yanaonekana: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015–2016. Wapo watakaotuambia tuwaache wanaume, wanawake ndio wenye shida zaidi. Sisi tunasoma takwimu hiyo kwa namna nyingine: jambo likifuatiliwa kwa makini, miaka kwa miaka, watu wanaacha kufa.

Serikali ilijaribu kumwingiza baba kupitia mlango huohuo wa mama, kwa kumtaka amsindikize mkewe kliniki ya kwanza wapimwe wote wawili. Wazo zuri. Lakini nani hajasikia visa vya mama anayemkodi kijana wa bodaboda aketi naye kliniki kama mume? Tunacheka, ila kisa hicho kinasema yote: kijana anapimwa kwa niaba ya mtu mwingine, na mume halisi anasubiri kusomewa majibu ya mkewe, akiamini kwamba mke akiwa salama naye yu salama. Ndiyo maana mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipozindua kampeni ya Furaha Yangu mjini Dodoma, kampeni ya kupima VVU yenye kaulimbiu ya "Pima, Jitambue, Ishi", walengwa wakubwa walikuwa wanaume.

Sasa turudi kwenye kazi yetu ya kuchangisha, kwa kuwa ndipo tunapojua zaidi.

Katika jumuiya nyingi na vigango vingi kuna desturi ya kusoma majina ya waliotoa na waliobakiza ahadi, pamoja na kiasi. Inafanywa kwa nia njema, fedha za Kanisa zinahitaji uwazi. Lakini mtazame baba aliyeahidi Sh 50,000 za ujenzi kabla ya msimu, kisha vitunguu vikashuka bei. Jina lake linasomwa Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jumapili ya nne hayupo. Jumuiyani anatuma mke. Watu wanasema amepoa imani. Hakuna anayeuliza kama analala usiku. Na huyohuyo akianza kuumwa kiuno au kukojoa damu, je, atakuja kwa watu waliomsoma kama mdaiwa kuomba msaada wa vipimo? Hawezi. Atanunua dawa za maumivu dukani, atakwenda kwa mtu wa mizizi, atangoja.

Sisi tunaamini uwazi unaweza kulindwa bila kumtangaza mtu. Jumla isomwe, matumizi yasomwe, risiti zitolewe. Majina na madeni yabaki kwa mhazini, na mhazini amwendee mtu nyumbani kwake, wakae wazungumze. Huenda akagundua kuwa deni si tatizo kubwa la nyumba ile.

Tuna ugomvi mwingine na michango yetu. Kwa harusi tunaunda kamati, tunafungua kundi la WhatsApp, tunakumbushana kila asubuhi, na kadi ya Sh 50,000 kwa mtu mmoja haimshangazi mtu. Kwa msiba tunachanga ndani ya saa chache, na hilo ni jema na la heshima kwetu Watanzania. Lakini mwambie baba huyohuyo alipie bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ulipoanza, kaya ya watu sita ilitakiwa kulipa Sh 30,000 kwa mwaka. Ni pungufu ya kadi moja ya harusi. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mazungumzo ya bima yamekuwa mengi zaidi, ila tunayasikia kwa akina mama. Akina baba wanaona kulipia ugonjwa ambao haujaja ni kuukaribisha.

Lipo jambo moja zito tusilotaka kulikwepa. Kila mwaka duniani watu zaidi ya 720,000 hujiua, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Nyuma ya wengi wao kuna sonona, madeni, ulevi, ndoa iliyovunjika, ugonjwa wa muda mrefu. Kwa sheria yetu, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kwa hiyo aliyenusurika anaweza kuamkia polisi wakati anahitaji daktari na padre. Jirani zetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria yao kinapingana na katiba. Tungependa wanasheria Wakatoliki nchini mwetu walizungumzie hili bila woga.

Wapo waamini wanaodhani Kanisa lina ukali ule wa zamani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kikanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 haikuliweka tena katazo hilo. Katekisimu, katika namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba maradhi makali ya akili, uchungu au hofu kubwa vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Haya yafundishwe hadharani, kwenye mafundisho ya ndoa, kwenye vikao vya UWAKA, kwenye mahubiri ya Siku ya Wagonjwa tarehe 11 Februari. Baba anayesikia kwamba Kanisa linamwelewa aliyeelemewa atathubutu kusema kabla hajaanguka. Na wewe unayesoma hapa huku mawazo hayo yakikujia, usikae nayo peke yako usiku wa leo. Mwite mtu mmoja unayemwamini, na kesho nendeni pamoja hospitali.

Kwa mafrateri tuna neno la pekee. Ninyi pia ni wanaume, na njia mliyoichagua inawaondolea mtu mmoja muhimu. Baba wa familia akikaidi kwenda hospitali, anaye mke wa kumsumbua, kumfichia funguo, kumwambia shemeji yake. Padre hana. Anakula peke yake saa tatu usiku akitoka kigangoni, anaendesha pikipiki kwenye barabara ya vumbi, anasikiliza shida za parokia nzima, na akiumwa waamini wanamwambia, "Pole baba, tunakuombea." Ni nani atamwuliza padre amepima sukari lini? Zoezeni sasa, mkiwa seminarini, kuulizana ninyi kwa ninyi. Katekisimu namba 2288 inasema uhai na afya ya mwili ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, na kuzitunza ni wajibu. Frateri anayeona ni unyenyekevu kuficha maumivu ya tumbo kwa muhula mzima atakuwa padre wa aina hiyohiyo, na wanaume wa parokia yake watamwiga.

Nje ya Tanzania wapo waliotafuta njia ya kuwafanya wanaume waongee. Mwaka 2003, katika mji wa Melbourne huko Australia, marafiki 30 walikubaliana kufuga sharubu mwezi wa Novemba. Ulianza kama utani. Mwaka uliofuata wakaugeuza kuwa uchangishaji wa fedha za saratani ya tezi dume, na leo Movember inachangisha katika nchi nyingi, pamoja na kwa afya ya akili ya wanaume. Hatupendekezi sharubu Mandewa. Tunachokipenda ni kwamba kila aliyeulizwa "mbona umefuga?" alilazimika kutaja ugonjwa, na kuutaja kwa rafiki yake, si kwa daktari.

Injili ya Marko sura ya 2 ina wanaume wa namna hiyo. Mtu mwenye kupooza alibebwa na watu wanne, wakapanda darini, wakatoboa paa la nyumba ya watu, wakamshusha mbele ya Yesu. Sisi wachangishaji tunapenda kuona katika habari ile jambo dogo: huyo mtu alikuwa na wanne waliojua anaumwa. Na Yesu aliiona imani yao, wale wabebaji. Mwandishi hakutuambia kama mgonjwa aliwahi kuwachangia kitu. Katika kikao chochote cha wanaume mwezi huu, kila mmoja ajiulize kimoyomoyo wanne wake ni akina nani. Wengi tuna wanne wa kubeba jeneza.

Kwa upande wetu tumependekeza kwa Halmashauri ya Walei kwamba sehemu ya makusanyo itengwe kwa ajili ya vipimo, isisubiri rufaa. Mwanaume atakayehitaji kupimwa atapata msaada kwa siri, bila jina lake kusomwa popote, na hatadaiwa maelezo marefu. Tumependekeza pia upimaji wa presha Jumapili moja kila mwezi ukumbini, baada ya Misa ya kwanza, ukisimamiwa na wauguzi waamini wenzetu waliokubali kujitolea. Paroko amesema atakaa kwenye kiti wa kwanza, mbele ya watu. Mashine ya kupimia tunayo moja, ya betri. Tunachokosa ni mkanda mpana wa kufunga mkononi. Uliopo ni mfupi kwa mikono minene, na mkanda mfupi hudanganya kwa kupandisha kipimo. Mwenye nao, au anayejua unapopatikana, amwone mhazini.